Lenzi Ndefu ya Marehemu

Jua lilikuwa linazama Jicho alipofunga duka lake la picha na kumwomba kinyozi wa mlango wa pili amwangalizie kufuli.

"Begi lote hilo, dada? Unahama?"

"Naenda kuchagua lenzi."

"Lenzi? Si juzi tu umenionyesha kamera mpya?"

"Nilikuonyesha bodi. Bodi bila lenzi ni kama wewe na kiti kizuri, wembe huna."

"Basi kimbia," kinyozi akacheka. "Maana mimi wembe ninao na wateja bado wananilalamikia."

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mtaa mzima ulimwita Jicho, kwa sababu angeweza kusimama ng'ambo ya barabara akakuambia kola yako imelala upande. Jicho lilikuwa lake, lakini bodi ya kamera ilikuwa zawadi ya shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki. Shangazi aliipata kwa mpigapicha mmoja mstaafu. Ilikuwa kamera ya filamu pana, zile za boksi, ambazo mpigaji hazipandishi usoni. Unaishika kifuani, unainama, unatazama ndani kutoka juu, kwenye kioo kidogo ambacho kulia ni kushoto na kushoto ni kulia.

"Ukipata macho yake," shangazi alimwambia siku aliyomkabidhi, "mtu wa kwanza kumpiga ni mimi. Usije ukaanza na mabibi harusi ukanisahau."

"Nitakusahauje, shangazi?"

Ndivyo alivyosema.

Nyumba ya mjane ilikuwa nyuma ya viwanda vya uchapaji, kwenye barabara ambayo jioni hubaki na paka tu. Mumewe alikuwa mpigapicha wa zamani, wa enzi za chumba cha giza, na mjane alikuwa amepiga simu kusema vifaa vipo, aje achague. Jicho aligonga. Mlango ulifunguka kabla hajarudisha mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Pita."

Ndani kulinuka siki. Kwa mpigapicha harufu hiyo si ngeni, ni ya dawa za kusafishia filamu. Lakini hii ilikuwa siki ya nyumba nzima, imeingia kwenye mapazia na kwenye mito ya viti. Mjane aliketi kwa kulipa dirisha mgongo, na Jicho hakumwona vizuri uso. Akadhani ni mwanga. Mjane akanyoosha mkono akawasha taa iliyokuwa juu yao kabisa.

Bado hakumwona vizuri.

Si kwamba alijifunika. Pua ilikuwepo, macho yalikuwepo. Ila kila Jicho alipomtazama, macho yake mwenyewe yaliteleza, kama mtu anayetaka kukamata sabuni ndani ya maji. Akajiambia amechoka. Akageukia sanduku la ngozi lililokuwa mezani.

Na sanduku lilimsahaulisha kila kitu. Lenzi zilikuwa zimelala kwenye vishimo vya mahameli, kila moja na kifuniko chake. Jicho alizitoa moja moja kama anavyochagua nyanya mtu asiyetaka kuuziwa mbovu. Alimulika tochi kwa nyuma akitafuta ukungu. Lenzi pana ya kwanza ilikuwa nao, umetanda ndani kama utando wa buibui; akaiweka pembeni. Ya pili ilikuwa na mkwaruzo ukingoni, mkwaruzo usiodhuru picha. Akaichukua. Lenzi ya kati ilikuwa safi. Alizungusha pete yake ikazunguka laini, akafyatua, vijipazia vya ndani vikafunguka na kujifunga bila kusita. Chik. Akaichukua.

Ilibaki ndefu, lenzi ya nyuso. Na Jicho alikuwa mtu wa nyuso. Zilikuwapo mbili: moja ndani ya kishimo chake, angavu haina doa, na nyingine chini kabisa ya sanduku, imeviringishwa kitambaa cheusi.

Alianza na ile safi. Akaifunga kwenye bodi, akainama, akamtazama mjane kupitia kioo. Picha ilikuwa kali, haina lawama. Lakini ilikuwa baridi, na mjane alikuwa vilevile, uso usioshikika.

Akafungua kitambaa cheusi.

"Hiyo..." mjane alianza kusema.

Jicho aliifunga kwenye bodi. Akainama.

Akasogeza kichwa karibu zaidi.

Ndani ya kioo alikuwemo mwanamke. Mwanamke kamili! Mashavu yaliyopanda, kidoa kidogo cheusi pembeni ya pua, mikunjo miwili kati ya nyusi. Macho yalikuwa yamejaa machozi na yalimtazama yeye, Jicho, moja kwa moja. Midomo ilikuwa inacheza. Ilikuwa inasema jambo.

Jicho aliinua kichwa. Kwenye kiti alikaa mtu tu, mdomo umefungwa.

Akainama tena. Mwanamke yumo, analia, anasema.

"Mama..." Jicho alinong'ona, "lenzi hii ina nini?"

"Hiyo usimpigie mtu unayempenda."

"Kwa nini?"

"Umeniuliza ina nini. Nimekujibu." Sauti ya mjane ilikuwa chini sana. "Ile nyingine ni nzuri, binti. Ni safi. Chagua unayotaka. Mimi nimeshasema."

Jicho alizitazama zote mbili mezani. Mtu mwenye akili zake alijua la kufanya, na Jicho alizimiliki akili zake siku zote. Alijisikia akisema moyoni, chukua ile safi. Lakini alikuwa amepiga nyuso za watu miaka nenda rudi, na kati ya hizo zote hakuwahi kuona uso ukiwa hai kiasi kile ndani ya kioo. Mkono wake ukaenda kwenye kitambaa cheusi. Hawakubishana bei.

Asubuhi kinyozi alimuuliza, "Huyo mjane yukoje? Mzee?"

"Mzee... la, si mzee sana. Ni mnene... au..."

"Si ulikaa naye jioni nzima?"

Jicho akatafuta ufunguo wa duka. Alimkumbuka vizuri mwanamke wa ndani ya kioo. Wa kwenye kiti hakumkumbuka hata kidogo.

Shangazi alipigwa picha nyumbani kwake, kwenye chumba chake cha kushonea, mchana mmoja wenye mawingu mepesi. Alivaa gauni lake la kijani na kitambaa cha kichwa alichokipiga pasi mara mbili. Jicho alimpiga kwa lenzi pana, pamoja na cherehani, mikasi na marobota ya vitambaa. Akampiga kwa lenzi ya kati. Shangazi alicheka, akaulizia mashavu yake, akasema akitoka mbaya atadai zipigwe upya mpaka kamera iombe msamaha. Kazi ilikwisha. Picha zilikuwa zimetosha.

Kisha mawingu yakasogea.

Mwanga uliingia dirishani ukamgusa shavu moja. Shangazi alikuwa amesharudi kwenye cherehani, ameinama, anatunga uzi, kidole chake cha shahada chenye ukucha uliopinda kikiwa kimenyooka. Ukucha ule sindano iliupasua zamani, akishona sare ya shule ya Jicho huku anasinzia.

Jicho aliutazama mwanga ule. Mwanga wa namna hiyo haukai.

Alikumbuka alichoambiwa. Hilo ndilo linalomkaa rohoni hata leo, kwamba alikumbuka. Maneno yalimjia kamili, na sauti yake. *Usimpigie mtu unayempenda.* Vidole vyake vilikuwa vimeshachomoa lenzi ya kati na kuchomeka ile ndefu.

Moja tu, alijiambia. Moja tu.

"Shangazi."

Shangazi akainua uso.

Lenzi ile haikulia *chik*. Ililia kama mtu aliyevuta pumzi.

"Ee!" Shangazi alijishika shavu. "Kuna upepo? Kama mtu amenipuliza."

"Ni dirisha," Jicho alisema.

Jioni ile aliisafisha filamu. Picha za lenzi pana na ya kati zilikuwa nzuri. Ile ya lenzi ndefu... Jicho alisimama na karatasi ikimdondokea maji miguuni na hakuweza kuiweka chini. Haikuwa picha ya shangazi. Alikuwa shangazi mwenyewe! Ungeweza kuapa kwamba ukigeuka kidogo atapepesa. Macho yale yalikufuata. Alifurahi, tuseme ukweli. Alifurahi hadi akajisahau, akaitundika ukutani, akaketi chini yake akanywa chai.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu alasiri. Jicho alikuwa nyumbani, taa zimewashwa mapema, alipobishiwa hodi.

Mlangoni alisimama bibi mmoja, ameloa chapa, kikapu mkononi.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

Bibi alimkodolea macho. "Nikusaidie nini? Mwanangu, nipishe niingie, nimeloa."

"Samahani... unamtafuta nani?"

"Acha mzaha, Jicho. Tangu asubuhi watu wananifanyia mzaha. Jirani ananiuliza nimetoka wapi. Wateja wangu wamekuja kuchukua nguo, wananiuliza fundi yuko wapi. Nimesimama mbele yao! Nikasema niende kwa mwanangu..."

"Mama, mimi sikufahamu."

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi!" Bibi alijipiga kifua. "Mimi..."

Jicho alimtazama vizuri. Alimtazama kwa jicho lile lile linaloona kola iliyolala upande. Hakuwahi kumwona mtu huyu. Na mjini siku hizi matapeli wanajua majina ya watu, wanajua hata majina yao ya utani. Akasema pole, akasema hana cha kumsaidia. Bibi alipoweka mkono wake kwenye ubao wa mlango, Jicho aliusukuma mlango. Hakuusukuma kwa nguvu. Aliusukuma tu, taratibu, mpaka mkono ukaondoka.

Akafunga komeo.

Nje alisikia mtu akilia kwa sauti ndogo, kama anayeona haya kusikika. Kisha mvua.

Asubuhi alikikuta kikapu mlangoni. Ndani mlikuwa na malapa ya ndani ya shangazi, dawa zake za presha, na gauni la kijani limekunjwa.

Jicho alikaa pale pale sakafuni.

Alimtafuta mtaa kwa mtaa, na hapo ndipo alipojua ugumu wa kumtafuta mtu ambaye humjui sura. Alikimbilia kila bibi aliyemwona. Kila mmoja alimshangaa. Alimkuta mwishowe kwenye benchi la zahanati, ameegemea ukuta, amefumba macho. Au alimkuta bibi fulani. Jicho alipiga magoti, akauchukua mkono wake wa kulia, akatazama kidole cha shahada.

Ukucha ulikuwa umepinda.

"Shangazi," alisema akilia. "Shangazi, nisamehe, ni mimi nimekufukuza."

Bibi yule, ambaye Jicho hakumtambua hata akiwa amemshika, alimpangusa machozi kwa kiganja. "Ulikuwa hujui, mwanangu. Ulikuwa hujui."

Lakini Jicho alijua alichojua.

Alimpeleka nyumbani, akambadilisha nguo, akamwacha na chai, kisha akaenda moja kwa moja nyuma ya viwanda vya uchapaji. Mchana huu barabara ilikuwa na watu. Kwenye kibaraza cha nyumba ile alikaa mwanamke akichambua maharage, na wajukuu wanamgombania magoti. Mashavu yaliyopanda. Kidoa cheusi pembeni ya pua.

Mwanamke alipomwona Jicho, sahani iliteleza ikamwagika.

"Nendeni mkacheze ndani," aliwaambia watoto. Walipoondoka, akasema, bila kuinua macho, "Umempiga nani?"

"Shangazi yangu. Aliyenilea."

Mjane alifumba macho. "Jana asubuhi niliamka, mjukuu wangu akaniita bibi. Toka mume wangu afe hakuna aliyeniita. Walikuwa wanapita hapa kunitafuta, wananiuliza mimi mwenyewe niko wapi. Aliponiita nilifurahi. Halafu nikajua kuna mtu mahali fulani ameamka hana sura."

"Ulijua!"

"Nilikuonya."

"Ulinionya huku umeiweka kwenye sanduku!"

"Ndiyo," alisema mjane. "Nilikuonya, sikukuzuia. Hilo ni langu, nitakufa nalo."

Akamweleza, kwa kunong'ona, huku akichungulia mlangoni watoto wasisikie. Kioo kimojawapo ndani ya lenzi ile hakikutoka kiwandani. Mumewe alipoona biashara inazorota alienda kwa mtu mmoja. Nani, hakusema hata siku ya kufa kwake. Alirudi nacho kimefungwa kitambaa cheusi, akakipachika mwenyewe. Wateja wakamiminika. Kila uso alioupiga ulibaki mle, na uso wa kabla yake ukatoka. Hivyo watu walipotea siku moja, siku mbili, mpaka mwingine akapigwa, kisha wakarudi na kusingizia homa. Mumewe alikaa muda mrefu bila kujua. Alipojua, alitaka kuacha.

"Na wa mwisho lazima abaki," Jicho alisema taratibu.

"Lazima abaki. Ukiivunja, aliyemo ndiyo basi. Akafikiri sana. Akasema akimwacha mgeni, mgeni atazurura barabarani asipokelewe na mtu. Bora awe mtu anayeishi naye, atakayemtunza. Akanikalisha kwenye kiti. Hakuniambia." Mjane aliokota harage moja moja. "Alinitunza kweli. Kila asubuhi alishika picha yangu, ananitazama, anatazama picha, anaomba radhi. Halafu akafa, na mimi nikabaki."

"Kwa hiyo nikimpiga mtu mwingine..."

"Mimi sikukwambia ufanye hivyo, binti."

"Lakini atarudi?"

Mjane aliendelea kuokota maharage. Ndani ya nyumba mtoto aliita bibi, bibi, na uso wa mjane ukang'aa kabla hajauzuia.

Jicho alimwambia shangazi yote jioni ile, yote isipokuwa jambo moja. Hakumwambia kwamba alionywa kabla.

Shangazi alisikiliza. Kisha akasema, "Iweke kabatini, ufunge. Usimfanyie mtoto wa mtu."

"Shangazi, hata kwenye kioo hujioni."

"Nimeshajiona vya kutosha. Mtoto wa mtu, mwanangu, ana mama yake mahali. Nimekataa. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alijaribu. Hatuwezi kusema hakujaribu. Alimpa shangazi chumba chake. Alihamishia picha mlangoni, ili kila akiingia aitazame kwanza, kisha amtazame bibi, ajilazimishe kuunganisha. Macho yaliteleza, haikuungana. Kila alipogeuka palikuwa na mtu asiyemjua ndani ya nyumba yake, anatembea polepole, ananuka siki, anaweka vikombe mahali pake. Shangazi alianza kuongea kabla hajaingia chumbani, asije akamshtua. "Ni mimi, ni mimi," alikuwa akisema ukumbini, kama kengele ya mbuzi. Hakushona tena, hakukuwa na wa kumletea kitambaa. Na pale mlangoni uso wake ulikaa na mwanga kwenye shavu moja, mzima, mzuri, ukimtazama Jicho.

Alfajiri moja Jicho aliamka na kiu akaenda jikoni bila kuwasha taa. Kulikuwa na mtu amesimama kwenye sinki.

Alipiga kelele. Mkono ukapata kikaango kabla akili haijaamka, na akapiga.

"Ni mimi..." mtu alisema chini sakafuni. "Ni mimi, mwanangu. Nilikuwa nachemsha maji, sikutaka kukuamsha."

Damu ilikuwa inamchuruzika kutoka nyusi ya uso ule usio na mwenyewe. Na bado, hata akimfunga bandeji, hata akilia, Jicho alikuwa anamwogopa.

Siku ile alienda dukani, na ndani ya begi alikuwa na lenzi ndefu.

Yaliyofuata hayako sawasawa kichwani mwake. Anakumbuka ilikuwa jioni, maana alikuwa amewasha taa. Anakumbuka kinyozi alikuwa amewasha redio. Akaja mteja. Alikuwa nani? Mwanaume, mwanamke, Jicho hawezi kukuambia. Alitaka picha ya kupeleka kazini, kazi mpya, alikuwa na furaha nayo. Aliketi kwenye kigoda akanyoosha shati. Jicho alikumbuka neno la shangazi, kwamba kuna mama mahali. Na safari hii pia alikumbuka kwa wakati.

"Nicheke au nisicheke?" mteja aliuliza.

Hiyo ndiyo sauti iliyobaki.

"Kaa kama ulivyo," Jicho alimjibu.

Lenzi ikavuta pumzi.

Alirudi nyumbani mbio. Alipofungua mlango, shangazi yake alikuwa ukumbini, bandeji juu ya nyusi, shavu lile, kidevu kile, macho yale yale yaliyomchunga tangu akiwa mdogo. Jicho alimwangukia kifuani akalia mpaka sauti ikakauka. Picha ya mlangoni ilikuwa imekuwa picha tu, tena yenye ukungu kidogo, kama mpigaji alitikisika.

Shangazi alimshika mabega akamsogeza mbali kidogo, amwone.

"Umefanyaje?"

"Sijafanya kitu. Labda imechoka yenyewe."

"Jicho."

"Sijafanya kitu, shangazi."

Shangazi akamwachia mabega. Kisha akaenda kujitazama kwenye kioo, na hakuuliza tena.

Maisha yakarudi. Wateja wa shangazi wakasema alikuwa safarini. Akahamishia cherehani yake chumba cha nyuma cha duka la Jicho, kwa sababu, alisema, hapendi tena kukaa peke yake. Lenzi ndefu iliingia kabatini ndani ya kitambaa cheusi, na ufunguo Jicho akautupa kwenye mtaro. Kuivunja hakuthubutu. Sasa ndani yake kulikuwa na mtoto wa mtu.

Filamu ile aliisafisha, kwa sababu hakuweza kutoisafisha. Ilitoka kijana mwembamba, shati la mistari, pengo dogo la meno, uso una tumaini hadi unauma kuutazama. Picha hiyo aliificha chini ya makaratasi. Shangazi ndiye aliyeikuta siku anatafuta kipande cha chaki.

"Picha nzuri namna hii unaifungia?" alisema, akaitundika mwenyewe dirishani. Jicho angeitoaje bila kusema kwa nini?

Watu walisimama kuitazama. Kinyozi alisema inamtazama hata akiwa amegeuka, na kwamba siku hizi hawezi kunyoa akielekea upande ule.

Kisha, jioni moja, taa za barabarani zilipokuwa zinaanza kuwaka, mtu alisimama nje ya dirisha hakuondoka. Aliweka kiganja kwenye kioo. Alikaa hivyo mpaka pumzi yake ikafanya ukungu. Halafu mlango ukasukumwa.

Harufu ya siki iliingia mbele yake.

"Samahani, dada," alinong'ona. "Yule wa dirishani... ni nani?"

Jicho aliinua macho kutoka kwenye meza. Macho yakateleza. Akayarudisha, yakateleza tena. Alichoweza kukamata ni shati, la mistari, limechakaa, limelaliwa nje siku nyingi.

"Mteja tu," alisema.

"Unamkumbuka?"

"Wateja ni wengi."

"Ninafikiri..." Mtu yule alijigusa shavu. "Nyumbani wamenikataa. Kazini walisema si mimi niliyeajiriwa. Mama yangu aliita polisi. Nimesahau nilivyo, lakini nilipopita hapo nje nikasikia kama naitwa. Nikasema labda huyu dada alinipiga mimi. Labda anaweza kuwaambia." Alikaribia hatua moja. "Ni mimi yule?"

Chumba cha nyuma cherehani ilikuwa inakimbia, na juu yake shangazi alikuwa anaimba kwa pua, hovyo hovyo, wimbo usio na maneno. Jicho aliisikia sauti ile. Alifikiria kabati lililofungwa. Alifikiria kiti, na nani angekaa kwenye kiti ili huyu atoke, na nani baada ya huyo.

"Hapana," alisema. "Si wewe."

"Una hakika?"

"Mimi ni mtu wa nyuso. Sijawahi kukuona."

Mtu yule alitikisa kichwa polepole, kama mgonjwa aliyeambiwa alichokitegemea.

"Basi asante, dada," alisema. "Samahani kwa usumbufu."

Akatoka. Akafunga mlango taratibu, kwa adabu, asiupige. Dirishani picha ya kijana iliendelea kutazama ndani.

Chumba cha nyuma cherehani ilikatika.

"Nani huyo?" shangazi aliita.

Jicho alikusanya makaratasi mezani. Akakohoa.

"Hakuna mtu, shangazi."

Alisubiri cherehani ianze tena. Taa za barabarani ziliwaka zote. Kinyozi aliteremsha mlango wake wa bati, akasema kwaheri, akaenda zake. Jicho aliendelea kusubiri.

Cherehani haikuanza.